Sinia Moja kwa Mwezi

"Benki haijui Ramadhani!" meneja Shekalaghe alimfokea Bi Mwanakombo, mpishi wa harusi, aliyeomba asilipe mkopo wa nyumba miezi isiyo na harusi. "Kila mwezi, kiasi kilekile, la sivyo nyumba tunaiuza!"

"Nimekuelewa, bosi."

Baada ya Idi, meneja akamwoza bintiye, mpishi akiwa Mwanakombo. Wakwe walikwisha nawa mikono alipotua sinia moja tu.

"Pilau nyingine iko wapi?"

"Mwezi ujao, bosi. Kila mwezi sinia, kiasi kilekile."

"Utaniaibisha kwa wakwe!"

"Sufuria haijui wakwe."

Meneja akanong'ona, jasho likimtiririka, "Basi, utalipa harusi zikiwepo."

"Kwa sauti, bosi, wageni wasikie."

"UTALIPA HARUSI ZIKIWEPO!"

Mwanakombo akageukia uani. "Haya wanawake, funueni masufuria, pilau isipoe!"