Vifuniko Vinne vya Gari la Mzee Mrindoko

Sogeeni karibu. Leo sitaki mnitikie na kupiga makofi tu. Nataka mniamulie, maana mimi mwenyewe nimeshindwa. Na anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, asije akaniamulia mwishoni kwa kubahatisha.

Palikuwa na ndugu watatu mjini Same, watoto wa Mzee Mrindoko. Kiondo, wa kwanza, alijaliwa macho: kitu akikiona mara moja hakisahau. Namsifu, wa pili, alijaliwa mdomo. Huyo angemwomba mbwa mfupa na angepewa. Elihaki, kitinda mimba, alijaliwa mikono, na chochote kilichovunjika kilipitia kwake kabla ya kutupwa.

Mzee alikuwa na gari dogo la zamani, la bluu, lenye vifuniko vinne vya chuma kwenye magurudumu. Kila Jumamosi alivisugua kwa jivu na limau mpaka mkewe, Nakijwa, akaweza kujitazama humo na kurekebisha kilemba. Halafu Mama akaanza kusahau. Alisahau siku, akasahau majirani, mara nyingine hata wanawe aliwaita kwa majina ya kaka zake. Gari hakulisahau. Hakukubali kupanda jingine lolote.

Mzee akaugua, akalazwa. Gari lilipolala nje ya hospitali, wezi wakabandua vifuniko vyote vinne. Yeye hakujua. Alifariki akiamini gari lake liko salama.

Jeneza lilitangulia kijijini kwao, juu milimani, na jamaa wa kule wakangoja mjane aje aweke udongo wa kwanza. Mama alipotolewa nje alitazama magurudumu, akarudi nyuma.

"Hili si la baba yenu," alisema. "Gari la mume wangu haliendi peku."

"Ndilo, Mama. Vifuniko vimeibwa," Kiondo akamwambia.

"Muogopeni Mungu! Mnanipeleka wapi na gari la watu?"

Walipomshika mkono alikumbatia nguzo ya baraza na kupiga yowe, majirani wakatoka. Sasa nani atamburura mama yake kwenda kumzika baba? Wakatuma ujumbe kule juu kwamba mazishi yasogezwe hadi kesho, wakaenda kutafuta vifuniko.

Dukani kwa spea kuukuu ukuta mzima ulikuwa umejaa vifuniko vya plastiki, vyenye nyota, vyenye mabawa. "Chukueni hivi," muuzaji akasema, "vinang'aa kuliko vya mwanzo." Namsifu akanyoosha mkono. Kiondo akamzuia. "Hivi ni inchi kumi na nne, letu ni kumi na tatu, vitadondoka mlima wa kwanza tu. Na vya Baba vilikuwa na tuta katikati, na mistari midogo ukingoni. Mama akiona nyota atakataa." Walipekua duka zima bila kupata. Wakiwa njiani kurudi, ni Kiondo aliyechungulia juu ya ua wa mstaafu mmoja, Bwana Kallaghe, akaona gari bovu limesimamishwa juu ya matofali. Vifuniko vyake vilikuwa vya aina ile ile.

Bwana Kallaghe hakutaka hata kusikia. "Hilo gari ni la marehemu mwanangu. Aliliacha hivyo, na litabaki hivyo." Kiondo na Elihaki wakageuka kuondoka. Namsifu akaketi kizingitini, akamuuliza huyo kijana alikuwa anapenda nini. Bwana Kallaghe akaanza kueleza, akashindwa kumaliza, akalia. Namsifu akalia naye, na msidhani ilikuwa hila. Naye alikuwa na msiba wake. Mwishowe Bwana Kallaghe akajifuta uso. "Vichukueni. Mwanangu asingemwacha mama wa mtu njiani."

Lakini vifuniko vyenyewe vilikuwa vimeliwa na kutu, na viwili havikuwa na meno ya kung'ata rimu. Elihaki akakaa navyo uani mpaka usiku. Alikunja spoku za baiskeli akazifanya meno, akanyoosha mabonde, kisha akasugua kwa jivu na limau kama alivyomwona baba yake akifanya. Vidole vikachubuka, limau likaingia kwenye michubuko, naye akaendelea.

Asubuhi Mama alitoka, akainama, akajitazama kwenye gurudumu la mbele, akaweka kilemba sawa.

"Kumbe amerudi," akasema, akacheka.

Hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Alikwenda mazikoni akitabasamu njia nzima, na wanawe watatu wakiuma midomo.

Walipofika hakushuka. Mzee ndiye aliyezoea kumfungulia mlango, hivyo Mama akangoja. Watu wote wakangoja, na wimbo wa msiba ukanyamaza.

"Hajaja kunifungulia," alisema taratibu. "Basi ni kweli."

Akafungua mwenyewe. Akatembea hadi kaburini, akaweka udongo, akamwita mumewe kwa jina. Jamani, hapo mimi huwa nashindwa kusimulia.

Jioni, akili ikiwa bado imetulia, aliwaita wanawe. "Baba yenu nimemuaga. Bila lile gari kuwa vile nisingemuaga. Siku zangu za kuwajua zimebaki chache, wanangu. Aliyenifikisha hapa nitakwenda kuishi kwake, azipate yeye."

"Ni mimi, Mama," Kiondo akasema. "Bila macho yangu tungekuletea nyota za plastiki, nawe ungebaki barazani."

"Kuviona aliviona," Namsifu akajibu, "akageuza mgongo aende zake. Mimi ndiye niliyebaki kizingitini."

Elihaki akasogea mbele ya Mama. Alinyoosha vidole vyake.

Mama akawatazama mmoja mmoja, akakawia kidogo kwenye kila uso kama anayetafuta jina.

"Semeni upesi," alisema, "kabla sijawapoteza."

Haya. Mimi nimeshaamua mara tatu, na kila mara nikaona nimemwonea mtu. Mama yule ameketi hapo anangoja, na jua linakwenda. Wewe ungemkabidhi kwa nani?