Siki ya Marsilia

Mungu alimpa binadamu macho mawili, yote akayaweka mbele. Ndiyo maana aibu ya mwenzetu tunaiona upesi, yetu ikabaki kisogoni.

Karani Mfaddal alirudi mjini kwao Fesi kutoka Ufaransa, alikofuatana na mjumbe wa Sultani, kitabu cha safari yake kikiwa kwapani. Hamu yake ilikuwa moja tu: kumwona mkewe Zuhur na mtoto aliyezaliwa yeye akiwa ng'ambo. Lakini mkwewe, Haji Tuhami, aliziba mlango kama komeo.

"Hapo hapo! Umekula nini huko kwa makafiri? Nguruwe?"

"Hasha, baba! Mayai na zeituni tu, mpaka nimekonda."

"Hebu nipumulie." Mzee alinusa, akakunja uso. "Mvinyo huu."

"Kitunguu, baba!"

"Tutajua. Vua joho hilo, liache nje. Utalala msikitini mpaka kadhi akuchunguze. Akikutilia shaka, binti yangu umpe talaka yake."

Mfaddal alivua joho, akalitupa barazani. Huko ndani mtoto alilia, naye hajamwona hata ukucha.

"Ehe, hao Wafaransa wakoje?" Haji aliuliza, maana udadisi nao ni ugonjwa. "Nisomee."

Mfaddal akafungua kitabu, akasoma: "Tulipofika Marsilia walitufungia nje ya mji, wakidai tumebeba maradhi. Nguo zetu wakazifukiza. Barua zetu wakazishika kwa koleo na kuzichovya katika siki. Nikasema, taifa gani hili lisilomwamini mgeni?"

"Lahaula!" Haji alijipiga paja. "Hawana haya! Mtu katoka safari, badala ya kupewa maji anafukizwa kama nyuki! Hebu lete nikione kitabu chenyewe."

Akachukua koleo la makaa, akakibana kitabu, akakining'iniza juu ya chetezo cha ubani.

Kicheko kikapasuka nyuma ya mlango. "Baba," Zuhur aliita, "siki iko jikoni. Nikuletee?"

Haji akalitazama koleo. Akalitazama joho lililotupwa barazani. Uso ulimshuka kwa haya, akampisha mkwewe. Ila Mfaddal alipopita, mzee alimnusa tena.

Jioni, mtoto akiwa amelala mapajani mwake, Mfaddal aliifuta kitabuni ile sentensi ya "taifa gani hili". Mahali pake aliandika maneno ambayo hakumsomea mkwewe: nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe.