Nani Alimtoa Bi Asumini kwenye Furushi?

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini maana sikuandika tarehe, palikuwa na mama mmoja akiitwa Bi Asumini. Mwanawe alimjengea nyumba mpya. Wewe ungeshukuru ukaingia ndani ukalala. Bi Asumini alikaa kibarazani juu ya furushi lake la nguo, akakataa katakata kulifungua.

Nyumba yake ya kwanza ilikuwa bondeni. Masika ya mwaka ule maji yaliingia mpaka uvunguni mwa kitanda, na ukuta wa nyuma ukainama vibaya. Basi Kibwana, mwanawe, ambaye alikuwa seremala, akajenga mlimani. Akaezeka bati. Akamwaga sakafu ya saruji. Akaweka vizingiti virefu, maji yasiingie tena. Kazi safi, nani atasema si safi?

Lakini jirani, Mama Shemsa, alipokuja na kusema, "Hodi!", Bi Asumini alijibu palepale alipokaa, "Mwenyewe hayupo." Mama Shemsa akageuka akaenda zake.

"Mama," Kibwana akasema, "mwenyewe si wewe?"

"Mimi mgeni hapa, mwanangu. Mgeni ataitikaje karibu?"

Msimseme, haikuwa jeuri. Alikuwa anaogopa. Kule bondeni alijua kila kitu kilipo hata akifumba macho. Hapa akitaka maji aulize, akitaka kiberiti aulize. Alijiona atazeeka akiomba chumvi mpaka siku ya kufa, na wazo hilo lilimnyima hamu ya kula.

"Nitakaa siku saba," akasema. "Siku ya saba nikiwa bado mgeni, narudi kwangu."

"Kwako wapi, mama? Ukuta ule utakuangukia!"

"Uniangukie, lakini niwe kwangu."

Kibwana akalia, mtu mzima na ndevu zake. Bi Asumini akamhurumia, akalegeza kidogo. "Haya, sikilizeni. Kuna kile chumba cha mbele, chenye mlango wa kutokea barabarani. Atakayenifanya niitike karibu mwenyewe, bila kuombwa wala kukumbushwa, chumba hicho nampa. Lakini furushi langu mtu asiliguse. Mmenisikia?"

Walisikia wote watatu.

Watatu gani? Wa kwanza Kibwana mwenyewe. Kila mvua ikinyesha mbao zake zililowa nje, na chumba kile kingekuwa karakana yake. Wa pili Hidaya, mke wa Kibwana, aliyekuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa kwenye ujia, na kila anayepita lazima ajikwae. Msiniambie mume na mke si watashirikiana. Vumbi la mbao na kitambaa cheupe cha watu, chumba kimoja? Jaribuni kwenu kwanza. Wa tatu Mwanaheri, binti wa Bi Asumini, aliyekuwa amerudi na talaka yake. Alilala ukumbini kwenye mkeka, na kila alfajiri aliukunja haraka kabla wageni hawajamwona. Huyo alitaka mlango wa kufunga, basi.

Siku ya pili Hidaya alipanga jiko. Makopo aliyasafisha, akayapanga kwa urefu, la kwanza refu, la mwisho fupi, yote na vifuniko. Akamshika mkwewe mkono, akamwinua juu ya kile kizingiti, akamwingiza. "Mama, tazama." Bi Asumini akanyoosha mkono kutafuta chumvi, akashika majani ya chai. Akaurudisha mkono taratibu. "Jiko zuri, mwanangu," akasema. "Jiko lako." Hidaya akajificha nyuma ya nyumba akalia.

Mama Shemsa akaja. "Hodi!" "Mwenyewe hayupo."

Siku ya tatu Kibwana alimwona mama yake amesimama mbele ya mlango wa uani, ameshika fremu, anakitazama kizingiti. Magoti yalikataa. Akakitazama dakika nzima, kisha akarudi kwenye furushi. Kibwana akajipiga kichwa. "Nimeyazuia maji, nimemzuia na mama!" Akatafuta matofali, akajenga vidaraja vidogo vya kukanyagia ndani na nje, kila mlango, akapigilia na kishikio cha mti laini. Misumari ya kutundikia akaishusha mpaka kimo cha mkono wa mama. Makomeo akayashusha pia. Siku mbili alifanya kazi hiyo. Bi Asumini alitazama, akasema, "Mungu akuweke," akaendelea kukaa.

Mama Shemsa akaja. "Hodi!" "Mwenyewe hayupo."

Siku ya tano Hidaya alichukua kamba, akashuka bondeni peke yake. Akaingia jiko la zamani, ukuta umemwinamia. Akapima kwa kamba kutoka mafigani mpaka pale chumvi ilipokuwa ikikaa, akafunga fundo. Kutoka chumvi mpaka kinu, fundo. Mtungi, fundo. Kiberiti, fundo. Akapanda mlima, akabomoa ule mpango wake mzuri wa makopo, akaweka kila kitu kwenye fundo lake. Jiko likawa halina sura, kopo refu hapa, kinu katikati ya njia. Hakumwambia mtu.

Siku ya sita Mama Shemsa akaja. Mnajua aliambiwa nini.

Jioni ya siku hiyo Bi Asumini aliwaambia, "Kesho asubuhi naondoka." Akaingia kulala mapema, na furushi miguuni.

Sasa Mwanaheri. Mpaka siku hiyo Mwanaheri alikuwa hajafanya kitu, nami nilianza kumsema moyoni. Asubuhi ya siku ya saba, mama yake alipokwenda kuoga, Mwanaheri alilitwaa furushi, lile lililokatazwa, akalifungua, akaloweka kila kitu. Kanga, mashuka, foronya, hata mto wa sufi! Akavianika uani vikitiririka maji. Mtu ataondokaje na vitu vimelowa?

Bi Asumini akatoka bafuni, akakuta kamba imejaa.

"Mwanaheri! Una wazimu? Nani kakutuma?" Akashuka uani mbiombio, mkono kwenye kishikio, mguu kwenye kidaraja, hata hakuona kuwa ameshuka. "Mto wa sufi unafuliwa? Wewe nilikufunza mimi au ulijifunza barabarani? Na shuka hili, umelikamua au umelibembeleza?"

Kisha akaona doti yake mpya ya kanga, ya Idi, haijawahi kuguswa na maji. Wekundu unatiririka, unaingia kwenye shuka jeupe.

"Mama yangu, inachuja! Chumvi! Leteni chumvi rangi ishike!"

Hakungoja kuletewa. Akaingia jikoni, akanyoosha mkono juu kushoto bila kutazama, akachota chumvi. Akainama kulia, mtungi huo. Akamwaga maji kwenye beseni, akatumbukiza kanga, akaanza kuisugua huku akigomba.

Hapo ndipo sauti ikaja mlangoni. "Hodi!"

"Karibu!" akaitika Bi Asumini. "Karibu, pita mpaka huku uani, jihadhari na maji, huyu binti yangu kanifanyia vituko!"

Mama Shemsa akasimama mlangoni mdomo wazi. Bi Asumini akatazama mikono yake ndani ya beseni. Akatazama jiko. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, machozi yanamtoka, na Kibwana akacheka naye. Kwa mara ya kwanza tangu ahame, Bi Asumini alisikia njaa.

Mkidhani hadithi imekwisha, mmekosea. Chumba cha nani?

"Mama," Kibwana akasema, "siku ya tatu ulishindwa kizingiti. Leo umekishuka mbio. Bila vidaraja vyangu ungegomba ukiwa kibarazani, na jikoni usingefika."

"Ungefika," Hidaya akasema, "halafu? Ungeuliza, 'Chumvi iko wapi?' Anayeuliza chumvi ni mgeni. Mkono wako ulikwenda wenyewe, mama, kwa sababu niliingia chini ya ule ukuta na kamba yangu."

"Vidaraja vilikuwapo," Mwanaheri akasema. "Jiko lilikuwa tayari. Na mama alikuwa anaondoka. Nani alimwinua? Mmewahi kuona mgeni anagombeza watu kwenye nyumba ya watu?"

"Ulikatazwa kuligusa!" Kibwana akafoka.

"Tena wifi yangu ulitaka kumchelewesha tu," Hidaya akaongeza. "Kuchuja kwa kanga hukukupanga. Ile ilikuwa bahati yako."

Mwanaheri akainamisha kichwa. "Kweli, kanga sikuijua. Na kweli nilikatazwa. Lakini ninyi mlitoa matofali na kamba. Mimi niliweka rehani radhi ya mama yangu. Angesema sitaki kukuona, ningekwenda wapi? Sina kwangu kwingine."

Bi Asumini akasikia neno hilo likimchoma, maana alilijua lilivyo. Akamtazama binti aliyemwasi ili mama yake abaki hai. Akamtazama mkwe aliyeingia chini ya ukuta ule. Akamtazama mwana aliyejenga, akakosea, akarekebisha bila kuambiwa. Aliwapenda wote watatu, na ufunguo wa chumba cha mbele ulikuwa mmoja.

"Tulieni," akasema. "Nyumba yangu, neno langu." Akaufungua ufunguo kwenye pindo la kanga aliyovaa, akaunyoosha mkono.

Enhe, wasikilizaji, na wewe unayejifanya umesinzia: ungekuwa ni wewe Bi Asumini, mkono huo ungeuelekeza kwa nani?