Masika Yaliyokuja Mikono Mitupu

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu walioshiba. Afadhali, maana hadithi hii ina njaa kidogo katikati. Sogeeni. Na wewe mwenye kukohoa, njoo huku karibu na moto.

Hapo zamani za kale, vilima vile vilipokuwa bado na miti na miti ikiwa na nyani wake, palikuwa na kijiji. Katika kijiji hicho mtoto hakurithi jina la babu. Alipewa jina la hewa aliyoikuta. Akizaliwa mvua inanyesha chwa chwa chwa, ni Tope. Akizaliwa nzige wamefunika jua, ni Nzige. Akizaliwa alfajiri majani yamelowa, ni Umande. Msicheke. Mzee msafi kuliko wote, nguo nyeupe pe, ndiye aliyeitwa Tope, na mama mpole asiyekanyaga hata siafu aliitwa Gharika.

Mkunga wa kijiji alikuwa Bibi Manyunyu. Alizaliwa kwenye manyunyu, akaishi kama manyunyu: hana kelele, lakini ukishinda naye unajikuta umelowa. Yeye ndiye aliyewapokea watu wote wale duniani, na kabla yake mama yake. Ukimuuliza mafuriko makubwa yalikuja lini, hakukuna kichwa. Alisema, mtazameni Gharika, ana wajukuu sasa. Ukimuuliza habari za nzige, alisema, mhesabieni Nzige meno yaliyobaki. Kumbukumbu za mvua na jua za kijiji kile hazikuchorwa ukutani. Zilikuwa zikitembea, zikilima, zikigombania maji kisimani.

Mimi sikumwona bibi huyo. Bibi yangu aliyenisimulia naye hakumwona. Lakini kila alipomtaja sauti yake ililegea, na nikajikuta namkumbuka mtu nisiyepata kumwona hata kisogo.

Basi mwaka mmoja masika yalikuja mikono mitupu. Watu walikuwa wamepanda mahindi, wameziba paa, wameingiza kuni ndani, wakasubiri. Mawingu yakaja, yakachungulia, yakapita. Jua la wastani, upepo mwanana, na mvua hakuna.

Lo, raha iliyokuwapo! Nguo zilianikwa asubuhi zikavaliwa mchana. Moto uliwaka bila moshi. Njia ya kisimani haikuteleza, mitungi haikuvunjika, watoto hawakukohoa. Mihogo iliyoanikwa ilikauka siku hiyo hiyo, ikalia ka! ukiivunja. Watu walikula nje, wakatembeleana, na waliokuwa wamenuniana wakapatana, maana nani ataweza kununa kwenye hewa ile? Bibi yangu alikuwa akifika hapa anafumba macho. Jua la wastani, anasema, upepo mwanana, na mvua hakuna.

Ni katika raha hiyo Umande alipooa. Umande alikuwa kijana mzuri, mchapakazi, ila jina lake lilimkaa: jua likipanda kidogo, haonekani. Mkewe alitoka kijiji cha ng'ambo ya mto, nako kwao kulikuwa na watu waliopewa majina ya misimu. Bibi harusi aliitwa Kiangazi. Alipokelewa kwa vigelegele. Siku ile hakuna aliyeliona jina lake.

Lakini mahindi hayali upepo mwanana. Majani yakaanza kujikunja. Yakawa ya kijivu, yakalia chakacha, chakacha. Watu wakaacha kula nje. Wakaanza kutazama mbinguni, kisha wakatazamana. Binadamu akifurahi hatafuti sababu, ila akiogopa lazima apate mtu.

Wakampata Kiangazi.

Aliyemtaja kwanza ni jumbe wa kijiji, Ngurumo. Huyo alikuwa na sauti, gu-gu-gu, hata akiomba chumvi kuku wanakimbia. Alijisifu kwamba alizaliwa katikati ya radi na ndiyo maana akawa jumbe. Akasema bibi harusi arudishwe kwao. Na mila ya kijiji ilikuwa hivi: mkeka wa mke na mchi wake vikitolewa nje ya mlango, ndoa imekwisha. Kiangazi alilijua hilo. Alijua pia kwamba kwao hatapata mume mwingine. Nani atamchukua mwanamke anayesemwa amekausha masika?

Asubuhi watu wakakusanyika kwenye uwanja wa kupuria mtama. Mkeka umeshatolewa, mchi umelazwa juu yake, na Kiangazi amesimama kando kichwa chini. Umande alijitahidi, maskini. Alisema neno moja tu. Alisema, "Jamani." Kisha jua likapanda.

Jumbe akaunguruma. "Tangu afike tunamwita. Kiangazi, njoo. Kiangazi, karibu. Kiangazi, kaa. Sikilizeni wenyewe tunachofanya. Tunaita, na kinachoitwa kinakuja."

Watu wakatikisa vichwa. Maneno yaliwaingia, maana ni watu wa majina. Wakaona kweli, wamejiroga kwa midomo yao.

Bibi Manyunyu alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, anachambua mboga. Hakusimama. Akauliza taratibu, "Mihogo yenu ilipokauka siku hiyo hiyo, nani alikwenda kumshukuru Kiangazi?"

Mmoja akajikuna.

Akasema tena, "Rika la jumbe, simameni."

Wakasimama wanaume na wanawake waliozaliwa msimu mmoja na jumbe. Bibi akawaita mmoja mmoja kwa majina, na kila aliyeitwa akaitika. Vumbi, yupo. Kweupe, yupo. Mwangaza, yupo. Ukavu, yupo, na mkewe Pepo, yupo.

"Kuna Tope hapo?" akauliza Bibi. Mzee Tope akasema hapana, yeye ni wa rika lililotangulia.

"Kuna Gharika?" Hakuna, naye alizaliwa mapema zaidi.

"Kuna hata Tone?"

Hakuna.

Watu wakatazamana. Walikuwa wameishi na majina hayo maisha yao yote, wakiitana shambani na kisimani, na hakuna aliyewahi kuyapanga mahali pamoja akayasikiliza. Rika zima lilikuwa kavu. Rika zima, isipokuwa mtu mmoja.

"Haya, mwanangu Ngurumo," akasema Bibi, "msimu usio hata na tone, ngurumo ilitoka wapi?"

Jumbe akafungua kinywa. Safari hii kuku hawakukimbia.

Hapo Bibi akaeleza. Mwaka ule yeye alikuwa msichana, anamchemshia maji mama yake mkunga. Masika yalikuja mikono mitupu kama haya. Jua la wastani, upepo mwanana, na mvua hakuna. Mahindi yaligoma. Jumbe alizaliwa mchana kweupe, mlango wazi, upepo ukipuliza pazia la majani kidogo tu, na mama yake mwenyewe akampa jina. Akamwita Mwanana. Mama huyo alikufa mtoto hajajua kuvuka kizingiti vizuri. Baba akaoa tena, akawa na tamaa mwanawe aje awe jumbe. Akasema nani atamtii jumbe aitwaye Mwanana? Akambadilisha jina, na waliojua wakanyamaza, kisha wakafa, akabaki yeye tu; Tope na Gharika walikuwa bado watoto wadogo.

"Mwaka ule hapakuwa na Kiangazi kijijini," akasema Bibi. "Palikuwa na wewe, umezaliwa. Mbona hatukukutoa nje na mkeka?"

Mtu mmoja nyuma akauliza jambo ambalo wote walikuwa nalo tumboni. Mwaka ule mlikula nini?

Bibi akajibu kwamba hawakukaa kusubiri. Waling'oa mahindi, wakapanda mtama ule mfupi, na viazi bondeni. Baadaye zikaja mvua za mchoo, zile ndogo za wakati wa baridi, zikautosha mtama. Hawakushiba, lakini hawakufa, na ushahidi ni rika hili lililosimama hapa na vitambi vyake.

Watu wakacheka, na walipocheka hofu ikawaachia. Wakaanza kuulizana nani ana mbegu ya mtama mfupi. Jumbe hakucheka. Alikwenda mwenyewe, akauinua mchi, akaukunja mkeka, akavirudisha ndani ya nyumba ya Umande. Kwa jumbe hilo si jambo dogo.

Ila mtu mkubwa haachi ukubwa wake mara moja. Alipotoka akamwambia Kiangazi kwamba atakaa, lakini abadilishe jina, aitwe Masika, ili watu watulie roho.

Kiangazi akainua kichwa kwa mara ya kwanza. "Baba, mama yangu alinizaa siku anapura mtama, jua limewaka, ghala zimejaa. Alisema hajapata kuona mwaka mzuri kama ule. Ndiye aliyenipa Kiangazi, na sina kitu kingine cha mkono wake. Mkeka wangu mnaweza kuutoa nje. Jina siwezi."

Bibi Manyunyu akaweka mboga chini. Akamwambia jumbe kwamba akilifuta jina la mtu amefuta mwaka mzima, na wajukuu watakuja kuyakuta masika kama haya waseme hayajapata kuonekana. Jumbe akaitika kwa kichwa. Kiangazi akaingia ndani kwake na jina lake.

Watu wakatawanyika kwenda kutafuta mbegu. Uwanjani wakabaki Bibi na jumbe. Jumbe akasogea karibu, akachuchumaa mbele ya kinu kama mtoto, na sauti aliyotoa hakuna aliyewahi kuisikia.

"Bibi. Alikuwa akiniitaje?"

"Mama yako?"

"Ndiyo."

"Hakuwa na haja ya kupiga kelele, hewa ilikuwa tulivu. Alikaa mlangoni akasema tu: Mwanana. Mwanana, njoo ule."

"Sema tena."

Bibi akasema tena. Na yule mtu wa gu-gu-gu akakaa chini kwenye makapi ya mtama, mtu mzima, akalia bila kutoa sauti. Bibi akaendelea kulisema lile jina, polepole, mpaka jumbe alipotosheka.

Ndugu zangu, jina halileti mvua. Mvua ndiyo iletayo jina. Kabla hujamtolea mtu mkeka nje kwa sababu ya jina lake, muulize alizaliwa siku gani, na aliyempa jina alikuwa na furaha gani. Siku hizi tunawapa watoto majina mazuri, wala sina ugomvi nayo. Lakini waite wote kwa pamoja, rika zima, na hutajua ni mwaka gani mvua ilinyesha.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kuni zilizobaki ni za kesho.