Darasa la Adabu la Bwana Fisi

Zamani hizo, wanyama walipokuwa bado wanajuliana hali kila asubuhi, mvua iliwasusa. Mito ilikauka, nyasi zikawa ngumu kama waya, kikabaki kisima kimoja tu. Simba, ambaye hakupenda kurudia neno, akatangaza: "Atakayechafua maji haya atahama bonde hili, yeye na jamaa zake."

Bi Ngiri alikuwa na binti mmoja, Pirika, mtoto asiyejua kukaa kitako. Asubuhi moja wanyama walikuta kisima kimegeuka uji wa tope, na Pirika amesimama kando, tope limemjaa hadi masikioni. Hapakuhitajika shahidi.

"Nakupa mpaka kesho, Bi Ngiri," Simba akanguruma. "Mtie mwanao adabu, la sivyo mfunge virago."

Fisi akajisogeza, udenda unamtoka. "Dada yangu, unahangaika bure. Niletee mimi. Pangoni kwangu kuna fimbo za kila aina. Mtoto akishaingia kwangu, harudii kosa tena."

"Kweli?"

"Hata kelele zake hutazisikia."

Bi Ngiri alirudi nyumbani kifua kinawaka moto. Aibu mbele ya wanyama wote! Akakata ufito mrefu. Jirani yake, Sungura, alikuwa amejiegemeza mlangoni anatafuna jani.

"Umeshamuuliza kwa nini alifanya vile?"

"Nimuulize nini? Tope si nimeliona?"

"Ufito hautoroki, jirani. Muulize kwanza."

Bi Ngiri alimtazama bintiye. Pirika alikuwa amejikunyata pembeni, macho yote kwenye ufito. Moyo wa mama ukalegea. Akautupa ule ufito, akaketi chini wakawa wanatazamana uso kwa uso.

"Sikuchapi, mwanangu. Niambie ukweli wote."

Kilianza kilio, maneno yakafuata. "Mjomba Fisi alisema nikigaagaa kisimani atanipa viazi vitamu. Nilijua ni makosa, mama, lakini njaa iliniuma. Na hivyo viazi vyenyewe hakunipa!"

Hasira zikampanda Bi Ngiri upya, ila safari hii hazikumlenga mtoto. Hata hivyo hakuliacha kosa lipite.

"Pole kwa njaa. Umefanya vizuri kuniambia. Lakini maji ni ya wote, na aliyeyachafua ni wewe. Twende ukayasafishe. Nitakusaidia."

Wakashinda kisimani wakizoa tope na kulitia kwenye magunia. Pirika alilalamika, akanuna, akachoka, mwishowe akaanza kuimba. Sungura alipopita na kusikia kisa chote, alicheka peke yake. Akachukua gunia moja lililojaa, akalifunga mdomo kwa kamba, akaenda kunong'ona na Simba. Kisha akamwendea Fisi.

"Bwana Fisi, Bi Ngiri amekubali. Mwanafunzi wako huyu hapa. Usimfungulie njiani, ana mbio huyo!"

Fisi alilibeba gunia mbiombio, ulimi nje. Uvumilivu ulimwishia mlangoni mwa pango. Akafumba macho, akapanua taya, akaling'ata gunia kwa nguvu zake zote. Tope likamjaa kinywa, likampanda puani.

"Kumbe adabu unaifunza kwa meno?" Simba akauliza, akitokea nyuma ya jiwe.

Fisi alitaka kujitetea, lakini yalimtoka mapovu matupu. Wanyama waliokuwa wamejificha vichakani wakaangua kicheko, Twiga akacheka hadi akaanguka. Simba akamwamuru Fisi abebe magunia yote yaliyosalia, na kisima kilipotakata, aliyefunga virago akawa yeye.

Mvua iliporudi, Bi Ngiri alikuwa akichimba mizizi alipomsikia bintiye akija mbio, anahema.

"Mama! Nimeangusha ua wa Mjomba Sungura nikifukuza kipepeo. Hajaona bado. Nimekuja kukwambia mwenyewe."

Bi Ngiri akauma midomo asicheke. "Sasa tufanyeje?"

"Nimeshakusanya miti ya kuujenga tena," Pirika akasema, akiitazama miguu yake. "Ila naomba unisindikize nikamwambie."

Mama akaiacha mizizi yake palepale, wakaongozana.