Vidonge vya Bwana Tangawizi

Maradhi ni kama moshi: ukiuziba mlangoni, hutokea dirishani. Ndiyo maana wahenga wakasema, mficha maradhi kilio humfichua. Bwana Tangawizi aliijua methali hii. Alidhani imetungiwa wengine.

Jina hilo alipewa na soko zima. Tangawizi mbichi aliiponda kwa ajili ya kikohozi, kipande cha kutafuna kikatuliza kichefuchefu, mafuta yake yakakanda magoti ya wazee. Na kwa kuwa dunia haisimami, siku hizi aliuza hata unga wake ndani ya kapsuli.

"Mimi kidonge cha hospitali sikijui ladha!" alitamba.

Kumbe tangu moyo uanze kumdunda ovyo, kila asubuhi alimeza vidonge vya kuzuia damu kuganda, alivyovifuata kliniki ya mbali asikojulikana. Akavisukumia kwa bilauri mbili za tangawizi kali. Mkewe peke yake ndiye aliyejua, naye alikwisha kuapishwa asiseme.

Ndipo ngiri ikamlaza wodini, akisubiri kupasuliwa. Muuguzi aliyemwandaa, ole wake, alikuwa mteja wake.

"Babu, unatumia dawa yoyote?"

"Mimi? Mimi ndiye dawa yenyewe!"

Wodi ikaangua kicheko.

"Jibu vizuri, babu."

"Hakuna."

Mkewe akamkazia macho. Yeye akaitazama dari. Angesema nini? Kabla ya jua kuzama, soko zima lingeimba kwamba mganga hajigangi.

Muuguzi akaanza kumnyoa chini ya tumbo. Wembe ukamchubua kidogo tu, pasipozidi mdomo wa sisimizi. Pamba ya kwanza ikalowa. Ya pili. Ya nne.

"Babu, mbona damu haikati?"

"Damu ya mwanamume hiyo, ina nguvu," alijibu.

Muuguzi hakucheka. Akaibana pamba kwa plasta na kwenda kumwita daktari, lakini wasukuma kitanda walikwisha kufika. Magurudumu yakalia ujiani. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguka, taa zikamchoma macho. Bwana Tangawizi akafungua kinywa, aibu ikakifunga.

Hapo mkewe akaangua kilio, ujia mzima ukageuka.

"Msimpasue! Anameza vidonge vya damu! Kila siku, na tangawizi juu yake! Mume wangu ataniachia ujane kwa majivuno!"

Daktari akatoka, glavu mkononi. "Ni kweli, mzee?"

"Kweli," akanong'ona.

"Tangawizi hata mimi nainywa. Lakini kwa wingi huo, pamoja na vidonge hivyo, kisu changu kingefungua bomba nisiloweza kulifunga. Mrudisheni wodini. Leo hapasuliwi mtu."

Muuguzi alimbadilishia pamba huku akimtazama kwa jicho la pembeni. "Haya babu, siri zako zimeishia wapi?"

"Niache, mwanangu. Mizizi ina ardhi ya kujifichia. Mimi nimebaki na shuka hili tu."

Mkewe alicheka huku bado akilia, akampiga kikofi cha bega. Kweli, mficha maradhi kilio humfichua. Na bahati ya Bwana Tangawizi ni kwamba kilio chake alikisikia akiwa hai, kwa masikio yake mwenyewe.