Wasukaji Waliolala Mavumbini

Paukwa! Pakawa, ndiyo, nimesikia. Lakini mbona mnapiga kelele hivyo, kila mmoja anataka sauti yake iwe ya kwanza? Bibi yenu leo mgongo unamuuma, na kisa chenyewe kimechoka kama mimi. Jibuni pamoja, polepole. Paukwa! Haya, hivyo.

Zamani hizo, babu wa babu yangu hajaota hata jino, palikuwa na mji ukiitwa Mavuani. Watu wake walikuwa wasukaji. Mtoto akijua kukaa, amejua kusuka. Alisuka miyaa, yale majani makavu ya mkindu, ikawa ukili, ule utepe mrefu wa mkeka, na kila siku ya soko mzee Shekuwe, mpimaji wa mji, alikuja na fimbo yake kuupima. Mwenye ukili mrefu akapigiwa vigelegele. Mwenye mfupi akavishwa kidani cha magamba ya konokono, akatembea nacho hadi soko lijalo.

Sasa sikilizeni ujinga wa watu wazima. Ukili ni wa nini? Wa kushona mkeka, hata wewe mdogo unajua. Unakatwa vipande, vipande vinashonwa ubavu kwa ubavu. Lakini nani akate wake, na soko lijalo unapimwa tena? Basi kili zikaning'inia kwenye maboriti, vumbi juu, mende ndani, na chini yake wasukaji hodari wamelala kwenye udongo mtupu. Chekeni tu. Walilala hivyo miaka na miaka.

Mjini humo alikuwemo mjane, Bi Mashavu, na bintiye mmoja, Mkejina. Vidole vya Mkejina vilikuwa vizito. Soko likija, kidani chake. Soko likija, kidani chake. Mtoto akaacha kucheza, akaacha kucheka, mwisho akaacha na kula. Bi Mashavu alimwona mwanawe anakwisha, na moyo ukamuuma sana.

"Nitamtafutia jambo lisilo na wa mwisho," akasema.

Akampeleka mtoni. "Oga tu, mwanangu, furahia maji." Wenzake wakaja mbio: "Nani atazama muda mrefu?" Mkejina akatoka majini.

Akampeleka kuchuma maua. Wenzake wakaja mbio: "Nani ana mengi?" Mkejina akayaangusha.

Akamkalisha mlangoni waimbe. Wenzake wakaja mbio: "Nani ana sauti kubwa?" Mkejina akanyamaza.

Bi Mashavu akachoka, wajukuu zangu. Akalala amechoka, akaamka amechoka.

Masika yakaingia. Sakafu ikalowa, Mkejina akashikwa na homa na kikohozi.

"Mama, baridi inatoka chini."

Bi Mashavu akatazama juu. Pale kwenye boriti kubwa ulining'inia ukili wake wa usichana, mrefu kuliko wote mjini. Hakuwa na mume, hakuwa na shamba. Heshima yake yote ilikuwa pale juu. Sitawadanganya kwamba alipata hekima. Alichoka, basi. Akapanda juu ya kinu, akauteremsha, akachukua kisu.

"Mama, usikate! Utakuwa wa mwisho!"

"Na niwe. Wewe shika hapa."

Akatia uzi kwenye shazia, ile sindano nene ya mikeka. Kazi ya shazia inataka watu wawili: wa huku asukume, wa kule avute. Sukuma, vuta. Sukuma, vuta. Ukiharakisha, utamsubiri mwenzako tu.

Watoto wakaja kujikinga mvua. Wa mbele alikuwa Mbwarali, bingwa wa kila kitu.

"Nani anaongoza?" akauliza.

"Hakuna. Wa huku anamsubiri wa kule. Kaa."

Mbwarali akajikuna kichwa, akakaa mbele ya Mkejina. Akasukuma upesi.

"Ngoja," akasema Mkejina. "Bado sijavuta."

Na Mbwarali akangoja. Mnasikia? Tangu azaliwe, Mkejina hajawahi kungojwa na mtu. Mama yake akageuka ukutani, akalia kidogo.

Mkeka ulipokwisha, akaingia mzee Shekuwe, fimbo mkononi, amelowa chapachapa.

"Lahaula! Nani kaukata ukili wa Bi Mashavu?"

"Mwenyewe, mzee wangu."

"Basi nionyesheni aliyeshona sehemu kubwa, apigiwe vigelegele."

Watoto wakautazama mkeka. Hawakujua. Mzee akainama na fimbo yake, akatafuta pa mmoja panapoishia na pa mwingine panapoanzia, asipaone. Mkejina akasogea, akamwachia nafasi.

"Babu, umechoka. Lala."

Mzee akaiweka fimbo chini, akalala. Mgongo ule, tangu uumbwe, haujawahi kugusa mkeka. Akasema "Alaa!" moja, akaanza kukoroma. Bi Mashavu akamvua bintiye kidani, akakitupa nje mvuani, na hakuna aliyekiulizia.

Ndiyo maana nawaambia, na mkikua muwaambie wanenu: si kila mchezo lazima uwe na wa mwisho. Mtoto naye anahitaji mahali pa kukaa asipopimwa.

Kisa changu nimekikunja, atakaye akakitandike kwake. Nani kasikiliza vizuri kuliko wote? Sijui, wala sitaki kujua. Nileteeni ule mkeka, mmoja ashike huku, mwingine kule, na mngojane. Bibi yenu anataka kulala.